Wake wanne wa waheshimiwa na mauaji yao: uanze na yupi?

Tuliokua tukikodi kanda za video mtaani tulikuwa na maneno mawili ya kuigawa dunia ya filamu: stelingi na adui. Adui ulimjua mapema, kwa kicheko chake na kwa kundi la watu waliomzunguka. Ilinichukua miaka kukubali kwamba adui anayetisha kuliko hao wote ni yule anayemnyoosha stelingi kola ya shati asubuhi, anamsindikiza mpaka kwenye gari, kisha anarudi ndani na kufunga mlango. Mke wa mheshimiwa.

Mpenzi wa tamthilia za siasa na mauaji hawezi kumkwepa mwanamke huyu. Wasomaji wa Kiswahili tunamfahamu angalau tangu S. S. Mushi alipotafsiri Makbeth, tamthilia ya Shakespeare, mwaka 1968: mke anayemwona mumewe akisitasita mbele ya kiti cha ufalme, akamsukuma. Kwenye televisheni amezaliwa upya mara nyingi. Hapa nawaweka mezani wanne: Livia wa I, Claudius, Elizabeth Urquhart wa House of Cards ya Uingereza, Sherry Palmer wa 24, na Claire Underwood wa House of Cards ya Marekani. Kuwatazama wote kunataka zaidi ya saa mia moja, na bando lina bei yake, kwa hiyo ni vizuri kujua unaingia kwa nani.

Nakutahadharisha kwamba nitakuharibia uhondo. Siwezi kuwapima wauaji bila kutaja walimuua nani. Lakini hizi kwa sehemu kubwa si hadithi za kutafuta nani kaua. Muuaji unamwona akiwa kazini, na kinachokuweka macho mpaka usiku wa manane ni kutaka kujua nani atagundua, na lini. Ni ile ya Claire tu ambayo mwishoni inageuka kuwa fumbo kamili la nani kaua, na fumbo hilo nina neno nalo. Kama hutaki kujua lolote, nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho.

Anaua kwa ajili ya nani?

Nimejaribu kuwalinganisha kwa idadi ya maiti, kwa akili, kwa uigizaji, na kila mara nikaishia kwenye swali hili. Livia anamuua mumewe kwa ajili ya mwanawe. Elizabeth anamuua mumewe kwa ajili ya jina la mume huyohuyo. Sherry anaacha mtu afe kwa ajili ya mwanamume aliyekwisha mpa talaka. Claire anaua kwa ajili ya nafsi yake. Ukishajua ni ipi kati ya hizo inayokugusa, umeshachagua nusu.

Mke mwovu anasimama kama mhusika pale tu ndoa yenyewe inapokuwa mahali pa uhalifu. Kama mwandishi angeweza kumtoa mke, akaweka katibu au mlinzi, na mauaji yakaenda vilevile, basi huyo mke ni pambo. Na pambo hilo lina ubaya wake. Huku kwetu mume akifa ghafla, mjane huhojiwa na mashemeji kabla daktari hajahojiwa. Tamthilia inayomfanya mke kuwa muuaji kwa sababu tu watu wako tayari kuamini hivyo, inaegemea dhuluma ya zamani. Kwa hiyo nadai mengi kwa waandishi wa hadithi hizi, na si wote wanne walionilipa.

Livia na mti wa tini

I, Claudius ilirushwa na BBC mwaka 1976, na Livia anaigizwa na Siân Phillips. Usiogope umri wake. Ilirekodiwa studio, majeshi hayaonekani, uwanja wa michezo unausikia kwa kelele tu, na baada ya dakika ishirini unasahau yote hayo kwa sababu ya nyuso na maneno.

Livia ni mke wa Augusto, aliyetawala Roma huku akisisitiza kwamba yeye ni raia wa kwanza tu. Anataka mwanawe wa ndoa ya kwanza, Tiberio, arithi. Mbele ya Tiberio kuna foleni ya warithi, na foleni inazidi kupungua. Mmoja anaugua, na Livia mwenyewe anajitolea kumuuguza. Hapo ndipo unapojua amekwisha.

Sehemu ya kifo cha Augusto nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mzee ameanza kumshuku mkewe. Hali chakula cha jikoni tena, anakula tini anazozichuma bustanini kwa mkono wake. Livia anazipaka sumu zikiwa bado mtini. Ndoa ya zaidi ya miaka hamsini imemfundisha mumewe atajikinga vipi, na akamtangulia pale pale kwenye kinga. Kisha kamera inatulia usoni kwa Brian Blessed, anayemwigiza Augusto, inakaa, haihami, na sauti ya Livia tunaisikia ikimweleza mumewe kwamba angemsikiliza zaidi. Uso unaanza kama wa mgonjwa na unaishia kama wa maiti, na huwezi kuonyesha kwa kidole ni sekunde gani roho ilimtoka. Livia anapotoka chumbani anamkabidhi Tiberio mambo ya dola, halafu, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo cha nyumbani, anamwambia asiziguse tini.

Mpelelezi wa hadithi hii ni Claudio, mjukuu mwenye kigugumizi na mguu mbovu, ambaye familia nzima inamwona mjinga na kwa hiyo hakuna anayejisumbua kumuua. Anayaona mengi kwa sababu hakuna anayenyamaza akiwepo. Miaka baadaye bibi yake, akiwa mzee na mwenye hofu ya adhabu ya ahera, anamwita mezani na kukiri. Claudio anauliza jina moja moja, na Livia anajibu jina moja moja. Kama unapenda mwisho wa hadithi za upelelezi ambapo kila kitu kinafunuliwa, huu ni wa aina yake: muuaji amejiita mwenyewe, na malipo anayoyaomba ni Claudio, akija kutawala, amfanye mungu wa kike. Katika historia halisi Livia alipewa heshima hiyo mwaka 42, zama za Claudio.

Jambo moja ulishike unapoitazama. Livia wa kweli hakuna ushahidi kwamba alimpa mtu yeyote sumu. Habari ya tini tunaipata kwa Cassius Dio, aliyeandika kama miaka mia mbili baada ya Augusto kufa mwaka 14, na hata yeye anaileta kama uvumi. Vijana wa ukoo ule walikufa kwa homa, vitani na safarini, na mwanamke akabaki hai mpaka uzeeni. Kubaki hai kukawa kosa lake. Tamthilia inajua inasimulia uvumi, lakini inausimulia kwa uzuri mno kiasi kwamba wengi wameondoka nao kama historia.

Elizabeth, anayekaa pembeni ya picha

House of Cards ya Uingereza ina sehemu tatu zilizotengana kwa miaka: 1990, 1993 na 1995, kila moja ikiwa na vipindi vinne. Ian Richardson ni Francis Urquhart, mbunge wa chama tawala anayewaangusha wenzake mmoja mmoja mpaka anakuwa waziri mkuu, huku akigeuka kila dakika kuzungumza na sisi watazamaji. Ya kwanza ilianza kurushwa Novemba 1990, siku zilezile Margaret Thatcher alipokuwa akiangushwa na chama chake.

Mkewe ni Elizabeth, na Diane Fletcher anamwigiza kwa utulivu unaotia baridi. Mara ya kwanza nilimpuuza. Anaonekana kidogo, anakaribisha wageni, anamtazama mumewe akivaa koti. Sikumshtukia hata pale anapomshauri mumewe awe na uhusiano na mwandishi wa habari kijana, Mattie Storin, ili amweke mkononi. Nilidhani ni uzungu wa matajiri tu. Francis ndiye anayemtupa Mattie kutoka kwenye bustani ya juu ya paa la Bunge, na macho yetu yote yako kwake kwa sababu yeye ndiye anayesema na sisi. Mke hasemi na sisi hata mara moja. Hapo ndipo waandishi walipotuficha muuaji wa mwisho: mbele ya macho yetu, kwa kumnyima sauti.

Katika sehemu ya tatu, The Final Cut, Francis amezeeka. Anahesabu siku ili ampite Thatcher kwa muda wa kukaa madarakani, na uovu wake wa ujanani, alipokuwa askari Cyprus miaka ya hamsini, unakaribia kutoka hadharani. Siku ya kuzindua sanamu ya Thatcher, mbele ya umati, risasi inampata. Aliyeipanga ni Elizabeth, pamoja na Corder, mlinzi wao. Anamshika mumewe akifa na kumwomba radhi kwa sauti ya chini, kama mke anayemwamsha mgonjwa anywe dawa. Akifa leo, atazikwa kama shujaa. Akifa kesho, atazikwa kama muuaji. Amemwokoa kwa kumuua.

Huyu ndiye ninayemweka juu ya wote. Hakuna katibu wala mlinzi ambaye angeweza kushika nafasi yake, kwa sababu uamuzi ule unahitaji mtu aliyelala kitanda kimoja na mumewe miaka yote, akajua kwamba anaogopa aibu kuliko kifo. Na dalili zote zilikuwepo. Ukirudia vipindi vya mwanzo baada ya kujua mwisho, kila neno la Elizabeth lina uzito mwingine. Kwangu hicho ndicho kipimo cha hadithi ya mauaji iliyotendewa haki.

Sherry, Claire na dawa

Hawa wawili nawaweka pamoja kwa sababu wote wamewahi kutumia silaha moja: kumzuilia mtu dawa.

24 ilianza Marekani Novemba 2001. Kila msimu ni siku moja, kila kipindi ni saa moja ya siku hiyo, na wengi wetu tunaikumbuka kwa Jack Bauer na saa inayolia. Mimi nilibaki kwa ajili ya Sherry Palmer. Penny Johnson Jerald anamwigiza mke wa David Palmer, seneta anayegombea urais. Msimu wa kwanza anaficha siri ya familia ili kura zisipotee, na mumewe anapogundua ukubwa wa uongo anamwambia waziwazi kwamba hafai kuwa mke wa rais. Angetoka hapo kwenye hadithi. Hakutoka. Msimu wa tatu David, sasa akiwa rais, anabanwa na tajiri mmoja aliyemfadhili, Alan Milliken, na kwa unyonge wake anamwita Sherry amsaidie.

Milliken anashikwa na maradhi yake. Vidonge vipo. Mkewe, Julia, anataka kumpa. Sherry anamzuia. Basi, ni hilo tu. Mtu anakufa hapo sakafuni huku dawa ikiwa hatua mbili kutoka kwake, na Sherry anatoka akiwa na kitu cha kumshika nacho Ikulu. Ni mauaji madogo kuliko yote ninayoyaeleza hapa, na ndiyo yanayofanana zaidi na maisha. Baadaye Julia huyohuyo anarudi na bunduki, na Sherry hafiki mwisho wa msimu.

Dosari ya 24 naiona hivi: David amechorwa mtu safi mno, na ili abaki safi uchafu wote wa siasa unamwagwa kwa mkewe. Yeye ndiye aliyempigia simu Sherry. Alijua anamwita nani. Tamthilia inalisema hilo kidogo, kwa kumfanya ajiondoe kwenye kinyang'anyiro cha muhula wa pili, lakini haikai nalo. Jerald anamwokoa Sherry kwa uigizaji. Kuna nyakati anamtazama David kwa mapenzi ya kweli, na hapo unamwonea huruma, halafu unajilaumu kwa kumwonea huruma.

Claire Underwood ni habari nyingine. Robin Wright alimwigiza kuanzia 2013 hadi 2018 kwenye Netflix, na Januari 2014 akapata tuzo ya Golden Globe kwa kazi hiyo. Msimu wa pili mwanamke mjamzito aliyewahi kufanya kazi naye anamshtaki. Claire anaikata bima inayolipia dawa anayoihitaji huyo mama kwa ajili ya mimba yake, kisha anamwambia usoni kwamba yuko tayari kumwacha mtoto anyauke tumboni. Hajaua mtu bado. Nilisimamisha video hapo, nikaenda kunywa maji.

Kuua kwenyewe kunakuja msimu wa tano: anampa sumu Tom Yates, mwandishi na mpenzi wake, aliyekuwa ameandika kuwahusu kwa undani kupita kiasi. Tom anafia mikononi mwake. Tofauti na Livia, hapa hakuna mwana wa kurithishwa. Tofauti na Elizabeth, hakuna jina la mume la kulindwa. Kuna mwanamke anayetaka kiti chenyewe, na mwisho wa msimu huo anakipata, anatugeukia, na kutuambia ni zamu yake.

Fumbo la msimu wa sita

Sasa lile neno langu. Kevin Spacey, aliyemwigiza Frank Underwood, mume wa Claire, alipoondolewa, hadithi ilibidi iendelee bila Frank. Msimu wa sita, wenye vipindi vinane tu, unaanza Frank akiwa ameshakufa, na swali linakuwa: nani kamuua? Kidole kinamwelekea mjane, ambaye ndiye rais. Kumbe mwisho kabisa tunaambiwa ni Doug Stamper, mtumishi wake mwaminifu. Alimuua Frank kulilinda jina lake, kwa sababu Frank alikuwa njiani kwenda kumuua Claire na angeharibu kila kitu alichojenga.

Iweke hiyo kando ya The Final Cut. Sababu ni ileile: mkuu auawe leo ili jina lake libaki. Uingereza walimpa mke sababu hiyo, na kwa kumpa wakamfanya mtu mzima mwenye mapenzi, ubaridi na akili ya kutisha. Marekani walimpokonya mke, wakampa mtumishi. Claire anabaki na kazi ya kumchoma Doug kwa kisu cha kufungulia barua katika ofisi ya rais na kumziba pumzi kwa mkono mpaka atulie. Pale anarudia maneno ya maumivu kwisha ambayo Frank aliyasema juu ya mbwa katika dakika za kwanza kabisa za tamthilia. Ni tendo la kuvutia, Wright mwenyewe ndiye aliyeongoza kipindi hicho, lakini nilipozima nilihisi nimeibiwa. Misimu mitano ilituandaa kwa ndoa inayojila yenyewe, kisha fumbo likajibiwa nje ya ndoa. Najua walilazimika kubuni upya kwa haraka. Bado ni kasoro.

Sasa uchague

Ukiwa na wikendi moja, tazama House of Cards ya Uingereza. Vipindi kumi na viwili, karibu saa moja kila kimoja, na unapata mwanzo, kati na mwisho. Usianze na sehemu ya tatu hata kama nimekutamanisha, maana Elizabeth anahitaji umpuuze kwanza.

Ukiwa mpenzi wa historia, au unataka kujifunza kuandika mazungumzo, I, Claudius. Muda wake ni karibu na huo. Chukua karatasi uchore mti wa ukoo wa Augusto, majina yanajirudia na utapotea kipindi cha pili bila karatasi. Vipindi vya Kaligula, mtawala aliyemfuata Tiberio, vina ukatili na uchi, usiviweke watoto wakiwa sebuleni.

24 inamfaa anayetaka mbio. Misimu mitatu ya Sherry ni vipindi 72, lakini vinakwenda haraka, na inatazamika na familia ikiwa hamuogopi matukio ya mateso, ambayo ni mengi. Mtu asiyependa siasa kabisa mwanzishie hii.

Claire anadai vipindi 73, na sishauri umpe vyote. Tazama misimu miwili ya kwanza. Kama umeshikwa, endelea mpaka mwisho wa tano, pale anapotugeukia, na uzime hapo. Wazazi wakiwa chumba kimoja nawe, usiitazame. Kifo cha Tom Yates peke yake kitakufanya utafute rimoti gizani.

Mimi nikirudia, narudia The Final Cut. Safari ya mwisho nilimwacha Francis kabisa, nikawa namtazama Elizabeth tu katika kila picha aliyomo, hata pale anapokuwa nyuma, hana la kusema, ameshika kikombe.